Uandishi wa Ripoti: Mabaki ya Ujenzi Yalikwenda Wapi?

SWALI LA KUANZIA

Wewe ni katibu wa kamati ya ujenzi katika shule ya sekondari iliyopo kata ya Sigino, Halmashauri ya Mji wa Babati. Shule yako imebomoa jengo chakavu lenye madarasa mawili na kujenga jipya mahali pale pale, kwa nia ya kupata jengo rafiki kwa mazingira. Andika ripoti kwa mkuu wa shule, isiyozidi maneno 500, kueleza jinsi mabaki ya ujenzi yalivyoshughulikiwa, kiasi kilichookolewa na kiasi kilichotupwa.

Mtahiniwa, swali la namna hii huonekana jepesi. Muundo wa ripoti unaujua: kichwa, utangulizi, njia zilizotumika, matokeo, hitimisho, mapendekezo, kisha jina, cheo, sahihi na tarehe. Wengi huukariri muundo huo vizuri, halafu ndani yake hujaza maneno kama "mabaki mengi yalitumika vizuri" na "mazingira yalitunzwa kwa kiwango kikubwa". Ripoti hiyo ina mifupa lakini haina nyama. Mkuu wa shule akiisoma hatajua kama yale mabati ya paa la zamani yapo stoo, yameuzwa, au yamehamia kwenye banda la mtu.

Katika somo hili tutajifunza kazi inayofanyika kabla ya kushika kalamu ya ripoti, kwa sababu ndiyo inayokosekana katika majibu mengi. Shule tunayoitumia ni ya mfano, na takwimu zake za kilo na fedha zimetungwa kwa ajili ya zoezi. Utaratibu wenyewe ni wa kweli, na unaweza kuutumia hata leo kama shuleni kwenu kuna ujenzi.

KWA NINI MABAKI YAANDIKIWE RIPOTI

Shule nyingi za umma nchini hujengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani shule hununua vifaa na kuajiri mafundi wa kawaida badala ya kumpa kazi yote mkandarasi mkubwa. Utakumbuka fedha za mpango wa UVIKO-19 za mwaka 2021, zilizojenga madarasa 15,000 nchini, kila darasa kwa shilingi milioni 20. Katika utaratibu huu huundwa kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi. Kamati ya mapokezi huhesabu kila mfuko wa saruji unaoshushwa na kila nondo inayoingia. Hapo kumbukumbu huwa nzuri. Tatizo huanza upande wa pili: kinachotoka saiti mara nyingi hakina daftari wala mwenyewe.

Kinachotoka si kidogo. Jengo likibomolewa hutoa kifusi, matofali mazima, mbao, mabati na misumari. Jengo jipya nalo huacha vipande vya nondo, mabaki ya mbao za boksi, mifuko mitupu ya saruji na makopo ya rangi. Vyote hivyo viligharimu kitu. Tofali la kuchoma lilichomwa kwa kuni, kwa hiyo likitupwa hali ni zima, kuna mti uliokatwa bure, na jingine litachomwa kuziba pengo lake. Saruji ndiyo ghali zaidi kwa hewa tunayovuta: kutengeneza tani moja ya saruji hutoa kati ya kilo 600 na 900 hivi za hewa ya ukaa.

Kisha kuna suala la mahali pa kutupa. Njia rahisi kwa mwenye tripa ni korongo lililo karibu. Kifusi kikiziba njia ya maji, mvua za masika hutafuta njia nyingine, na njia hiyo inaweza kuwa uani kwa mtu. Wakazi wa Manyara hawahitaji kuelezwa sana nguvu ya maji na tope baada ya yaliyotokea Katesh, wilayani Hanang, tarehe 3 Desemba 2023. Chanzo cha maafa yale kilikuwa mlimani, si kifusi cha ujenzi, ila yalionyesha kwamba njia ya maji si mahali pa kuweka kitu chochote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu, hivyo mahali halali pa kutupa ni pale halmashauri ilipopatenga.

Na kuna uaminifu. Jengo la shule ya umma ni mali ya umma hata likiwa limebomolewa. Bati lenye kutu bado ni mali ya umma. Mwananchi aliyejitolea kuchimba msingi ana haki ya kuuliza katika mkutano wa hadhara: mabati ya zamani yako wapi? Daftari likiwepo, jibu huchukua dakika moja. Lisipokuwepo, mkutano mzima huishia hapo.

MANENO YASIYOPASWA KUCHANGANYWA

Ripoti nyingi huharibika kwa sababu mwandishi hutumia neno "kurejeleza" kwa kila kitu ambacho hakikutupwa. Tofautisha hivi.

Kupunguza ni kuzuia mabaki yasitokee: kuagiza nondo za urefu unaokaribia unaotakiwa, kufunika saruji isinyeshewe, kuchanganya zege la kutosha kazi ya siku hiyo. Hii ndiyo njia bora kuliko zote, ingawa haionekani kirahisi kwenye ripoti kwa kuwa huwezi kupima kitu ambacho hakikutokea.

Kutumia tena ni kukitumia kitu kwa umbo lake lile lile. Tofali zima linasafishwa udongo na kurudi ukutani. Bati lisilo na matundu linaezeka banda.

Kurejeleza ni kukigeuza kitu kuwa malighafi ya kitu kingine. Vipande vya nondo vinayeyushwa kuwa chuma kipya. Kifusi kinapondwa na kuwa kokoto ya kujazia chini ya sakafu.

Kuchoma kuni ni jambo la nne, lisimame peke yake. Mbao iliyokwenda jikoni haikutupwa, ni kweli, lakini haikubaki kuwa malighafi, imekuwa jivu. Iandike kwenye safu yake. Hapa pana tahadhari pia: mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa zisipelekwe jikoni kabisa, moshi wake ni sumu.

Kutupa ni kupeleka dampo. Usiogope kuliandika neno hili. Ripoti isiyo na kilo hata moja ya kutupwa humfanya msomaji aanze kutilia shaka na zile kilo nyingine.

Dokezo la lugha: mafundi husema "tofali mia mbili" na kila mtu saiti anaelewa. Katika mtihani andika "matofali 200", kwa kuwa nomino hii ipo katika ngeli ya LI-YA. Vivyo hivyo "bati limetoboka, mabati yametoboka".

KUTENGANISHA NA KUPIMA

Mabaki hutenganishwa siku yanapozaliwa. Yakishachanganyika na udongo na mvua ikanyesha, hakuna fundi atakayekubali kukaa kutwa nzima akichambua. Kamati yetu ya mfano ilitenga sehemu tano kwa kamba na vigingi: matofali mazima, kifusi, mbao, chuma na mabati, na mwisho takataka za kutupwa. Kila sehemu iliwekewa kibao kilichoandikwa kwa mkaa. Haikuhitaji fedha.

Kabla ya kubomoa, hata hivyo, paa hukaguliwa. Baadhi ya majengo ya zamani nchini yaliezekwa kwa shuka za asbestosi, zenye rangi ya kijivu na ugumu kama wa saruji. Hizo hazivunjwi, hazipondwi, hazipelekwi kwa mwananchi akaezeke banda la kuku. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta maradhi yasiyo na tiba, pengine miaka mingi baadaye. Kazi isimame na halmashauri iarifiwe.

Sasa kupima. Sigino hakuna mizani ya malori pale shuleni, na wanafunzi wengi huishia hapo: "hatukuwa na kifaa". Lakini Babati ni nchi ya mahindi na mbaazi, na panapouzwa magunia pana mizani. Kamati iliazima mizani ya magunia kwa siku moja tu. Ilipima toroli tano zilizojaa kifusi, baada ya kutoa uzito wa toroli lenyewe, ikapata kilo 82, 78, 85, 80 na 75. Jumla ni 400, wastani ni kilo 80 kwa toroli. Kuanzia siku hiyo kazi ilikuwa kuhesabu toroli tu. Matofali yalipimwa kwa njia hiyo hiyo na wastani ukawa kilo 3 kwa tofali. Mabati yalikuwa kilo 5 kwa bati.

Hii ni makadirio, na ripoti lazima iseme hivyo. Makadirio yaliyoelezwa yalivyopatikana yana heshima kuliko namba kubwa iliyotoka hewani.

DAFTARI LA KILA SIKU

Daftari la kawaida la mistari linatosha. Kila kinachotoka kwenye sehemu yake kinaandikwa siku ile ile: tarehe, aina, kiasi, kilikokwenda, aliyetoa, aliyepokea, na namba ya stakabadhi kama kuna fedha. Mfano wa mistari mitatu:

12 Machi. Kifusi. Toroli 24 (kilo 1,920). Kimepondwa na kujazwa chini ya sakafu, darasa la kwanza. Ametoa mtunza stoo. Amepokea fundi mkuu. Sahihi mbili.

19 Machi. Mabati yasiyo na matundu. Mabati 40 (kilo 200). Kuezeka jiko la shule. Ametoa mtunza stoo. Amepokea mwalimu wa miradi. Sahihi mbili.

2 Mei. Chuma chakavu: mabati yaliyotoboka, vipande vya nondo, misumari. Kilo 220. Kimeuzwa kwa kibali cha halmashauri, Sh 600 kwa kilo, jumla Sh 132,000. Stakabadhi imeambatishwa. Sahihi tatu.

Angalia kwamba kila mstari una watu wawili au zaidi. Mtu mmoja akitoa, akapokea na akaandika yeye mwenyewe, hilo si daftari, ni shajara. Angalia pia neno "kimepondwa": mstari umeeleza kifusi kilifanywa nini, si kwamba "kilishughulikiwa". Kosa la kawaida ni kujaza daftari lote jioni ya siku ya mwisho kwa wino wa kalamu moja. Mkaguzi huligundua kwa kulitazama tu.

Kwa nini kifusi kilijazwa chini ya sakafu, na hakikufanywa bloku za ukutani? Kuna utafiti uliofanywa kuhusu kifusi cha Tanzania, ukachapishwa mwaka 2013 na M. M. Sabai na wenzake. Sampuli nane za kifusi zilipondwa, zikachekechwa, na kufyatuliwa bloku bila kuongezwa kokoto wala mchanga wa asili. Baada ya siku 28, asilimia 85 ya bloku zilizopimwa zilifikia nguvu ya niutoni 7 kwa kila milimita ya mraba, ambayo ni kiwango cha chini kinachotakiwa nchini kwa bloku za kubeba uzito. Ni habari njema sana. Lakini kwa ujumla zilikuwa dhaifu kuliko bloku za kokoto ya asili, na asilimia 15 hazikufikia kiwango. Ukiwa na maabara, utajua zipi ni zipi. Shule isiyo na maabara ifanye kamati ilivyofanya: kifusi kiende mahali ambapo hakibebi ukuta wala paa juu ya vichwa vya wanafunzi.

HESABU, NA MTEGO WAKE

Mwisho wa kazi daftari lilijumlishwa. Mabaki yote yalikuwa kilo 24,400, yaani:

Kifusi, toroli 210: kilo 16,800
Matofali mazima 2,000: kilo 6,000
Mbao: kilo 900
Mabati 60: kilo 300
Nondo na misumari: kilo 120
Mifuko, makopo, plastiki na mengineyo: kilo 280

Yalikokwenda:

Yaliyotumika tena (matofali 6,000, mbao 600, mabati 200): kilo 6,800, sawa na asilimia 28
Yaliyorejelezwa (kifusi 12,000, chuma na mabati yaliyotoboka 220): kilo 12,220, sawa na asilimia 50
Kuni: kilo 200, sawa na asilimia 1
Dampo (kifusi kilichochanganyika na udongo 4,800, mbao zilizooza 100, mengineyo 280): kilo 5,180, sawa na asilimia 21

Kwanza hakikisha jumla mbili zinalingana: 6,800 + 12,220 + 200 + 5,180 = 24,400. Zisipolingana kuna kitu kimeondoka bila kuandikwa. Usiandike ripoti kabla ya kukitafuta.

Sasa mtego. Wakati wa kuchimba msingi zilitoka kilo 40,000 hivi za udongo, zikasambazwa kwenye bustani ya shule. Mjumbe mmoja wa kamati anasema udongo huo nao haukutupwa, uongezwe kwenye hesabu. Tukimkubalia, yaliyookolewa yanakuwa 19,020 + 40,000 = 59,020, kati ya jumla ya 64,400. Asilimia inapanda kutoka 78 hadi 92. Hakuna tofali hata moja lililookolewa zaidi, hakuna toroli iliyopungua kule dampo. Kigawanyo tu ndicho kimebadilishwa.

Ndiyo maana mifumo ya kupima majengo ya kijani haikubali hesabu ya namna hiyo. Mfumo wa LEED wa Marekani, ambao hutumika katika nchi nyingi, huondoa kabisa udongo wa msingi na majani yaliyofyekwa kwenye hesabu ya mabaki. Katika toleo lake la nne, mradi hupata pointi moja ukiepusha asilimia 50 ya mabaki yasiende dampo kwa makundi yasiyopungua matatu ya vifaa, na pointi mbili ukifikia asilimia 75 kwa makundi yasiyopungua manne. Shule yetu ya mfano haina haja ya kuomba cheti hicho, ambacho ni cha gharama. Inaweza kuazima kanuni yake bure: sema kigawanyo chako ni kipi, na usikibadilishe katikati ya safari.

RIPOTI YA MFANO

RIPOTI YA MABAKI YA UJENZI WA MADARASA MAWILI KATIKA SHULE YA SEKONDARI, KATA YA SIGINO, MACHI HADI MEI 2025

1. Utangulizi
Ripoti hii inahusu mabaki yaliyotokana na kubomolewa kwa jengo la zamani na ujenzi wa madarasa mawili mapya, kuanzia tarehe 3 Machi hadi 30 Mei 2025. Imeandaliwa kwa agizo la mkuu wa shule ili kuonyesha aina ya mabaki, kiasi chake na yalikopelekwa.

2. Njia zilizotumika
Mabaki yalitenganishwa saiti katika makundi matano. Uzito ulikadiriwa kwa kupima toroli tano za kifusi, ambazo wastani wake ulikuwa kilo 80, kisha kuhesabu toroli zote. Matofali na mabati yalihesabiwa na kuzidishwa kwa uzito wa wastani. Mbao, chuma na takataka nyingine zilipimwa kwa mizani. Taarifa ziliandikwa kila siku katika daftari na kusainiwa na mtoaji na mpokeaji. Udongo wa msingi haukujumuishwa katika hesabu.

3. Matokeo
3.1 Mabaki yote yalikuwa kilo 24,400. Kati ya hizo, kilo 19,020 (asilimia 78) ziliokolewa: kilo 6,800 zilitumika tena na kilo 12,220 zilirejelezwa.
3.2 Matofali 2,000 yalijengea kuta za jiko la shule, na mabati 40 yaliliezeka. Mbao kilo 600 zilitumika kutengenezea boksi za zege na benchi.
3.3 Kifusi kilo 12,000 kilipondwa na kujazwa chini ya sakafu za madarasa yote mawili.
3.4 Chuma chakavu kilo 220 kiliuzwa kwa Sh 132,000 kwa kibali cha halmashauri. Fedha ziliingizwa katika akaunti ya shule. Stakabadhi imeambatishwa.
3.5 Mbao kilo 200 zisizo na rangi wala dawa zilitumika kama kuni.
3.6 Mabaki kilo 5,180 (asilimia 21) yalipelekwa katika dampo lililoelekezwa na halmashauri.

4. Matatizo yaliyojitokeza
Kifusi kilo 4,800 hakikuweza kutumika kwa sababu katika wiki ya kwanza kilirundikwa juu ya udongo kabla ya sehemu za kutenganisha kuwekwa, kisha mvua ikanyesha. Hii ndiyo sehemu kubwa ya mabaki yaliyotupwa.

5. Hitimisho
Sehemu kubwa ya mabaki iliokolewa, na kila kilichotoka saiti kina kumbukumbu. Kiasi kilichotupwa kingepungua endapo utenganishaji ungeanza siku ya kwanza ya kubomoa.

6. Mapendekezo
Sehemu za kutenganisha mabaki zitengwe kabla ya ubomoaji kuanza. Mjumbe mmoja wa kamati ya mapokezi apewe pia jukumu la daftari la vinavyotoka. Mifuko ya saruji ihesabiwe na kufungwa pamoja ili itafutiwe matumizi badala ya kutupwa.

Imeandaliwa na:
(Sahihi)
Katibu, Kamati ya Ujenzi
6 Juni 2025

MAELEZO KUHUSU RIPOTI HII

Sehemu ya 4 ndiyo yenye thamani kubwa, ingawa watahiniwa wengi huiogopa. Wanafikiri ripoti nzuri ni ile isiyo na doa. Kumbe mkuu wa shule anayepanga kujenga maabara mwakani atapata faida zaidi katika mistari ile michache kuliko katika asilimia 78.

Katika matokeo, kauli ya kutendwa imetumika: "kilipondwa", "yalipelekwa", "ziliingizwa". Kauli hii huipa ripoti utulivu, na huelekeza macho kwenye jambo lililofanyika. Isitumike kuficha mtenda, hata hivyo. Sentensi kama "mabati yaliondolewa" peke yake ni sahihi kisarufi na haitoshi kabisa. Msomaji anabaki akijiuliza yaliondolewa na nani, kwenda wapi. Ripoti yetu imeponea kwa kutaja jiko, kibali, stakabadhi na dampo.

Mapendekezo yameandikwa kwa hali ya kutaka ("zitengwe", "apewe", "ihesabiwe"), na kila pendekezo limetokana na jambo lililokwisha kutajwa au linaloonekana kwenye hesabu. Pendekezo lisilo na mzizi katika matokeo, kama vile "serikali itoe elimu ya mazingira", liache.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Sahihisha sentensi hii iweze kuingia katika ripoti: "Sisi kamati tulijitahidi sana na takataka karibu zote tulizirejeleza."

2. Eleza kwa nini mbao zilizotumika kama kuni huandikwa peke yake.

3. Zahanati ilijengwa upya. Kifusi kilo 9,000 kilipondwa na kujazwa chini ya sakafu, matofali kilo 2,500 yalitumika tena, chuma kilo 100 kiliuzwa, mbao kilo 400 zilikuwa kuni, kilo 4,000 zilikwenda dampo, na udongo wa msingi kilo 20,000 ulisambazwa. Kamati ilitangaza kuokoa asilimia 89. Je, ni sahihi?

4. Andika ripoti ya zahanati hiyo kwa maneno yasiyozidi 300.

MAJIBU

1. Mfano: "Kati ya kilo 24,400 za mabaki, kilo 12,220 zilirejelezwa na kilo 6,800 zilitumika tena." Neno "sana" na "karibu zote" yameondolewa, nafsi "sisi" imeondolewa, na vitendo viwili tofauti vimetenganishwa.

2. Kwa sababu hazikutupwa, lakini pia hazikubaki kuwa malighafi. Kuziingiza kwenye kurejeleza kunaongeza asilimia isivyostahili.

3. Si sahihi. Kamati imejumlisha udongo na kuni: 32,000 kati ya 36,000. Bila udongo, mabaki yote ni kilo 16,000. Yaliyookolewa ni 9,000 + 2,500 + 100 = 11,600, sawa na asilimia 72.5. Kwa kanuni ya LEED tuliyoitaja, mradi huu ungepata pointi moja, si mbili.

4. Linganisha ripoti yako na ile ya mfano. Anzia sehemu ya njia zilizotumika: je, msomaji anaweza kujua kila kilo ilipatikanaje? Kisha angalia kama umeeleza kile dampo kilichobeba kilo 4,000. Swali halikukupa aina yake, kwa hiyo usiibuni. Andika tu kwamba aina haikuainishwa katika kumbukumbu, na ulifanye hilo kuwa pendekezo lako la kwanza.